Jinsi ya kupata chembe nano za ukubwa mmoja ndani ya vitone vya polima

Tunatengeneza chembe za salfaidi ya kadimiamu, yaani kadimiamu (metali yenye sumu) iliyoungana na salfa, zenye upana wa nanomita chache; nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Anza na mtungi wa polima, molekuli ndefu kama mnyororo. Kadimiamu itasubiri. Mimi hutumia Pluronic L64, kimiminika kizito kisicho na rangi. Mnyororo wake una viungo 13 vinavyopenda maji, 30 vya katikati vinavyopenda mafuta, kisha 13 vya maji tena. Hizo ncha mbili hufyonza unyevu hewani. Aprili moja, mvua za Kampala zikiwa zimekolea, mtungi ulilala wazi mezani usiku kucha. Kwa wiki mbili kila nilichotengeneza kilitoka na rangi tofauti na cha jana yake. Nililaumu mizani, nikalaumu chumvi, kumbe polima ilikuwa imeshakunywa maji ambayo mimi sikuyapima. Sasa mtungi wangu unakaa ndani ya ndoo yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya shanga za silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kabla ya kuzitumia, nazitoa shanga kwenye vifuko na kuzikausha kwenye oveni, nyuzi 120.

Kila kitu kifanyike ndani ya kabati la kufyonza hewa, kwa glavu na miwani. Pima gramu 10 za polima, ziyeyushe kwenye mililita 40 za zailini (kiyeyushi kisichochanganyika na maji), gawa kwenye flaski mbili sawasawa. Mpaka hapo hakuna vitone. Maji ndiyo yanayozikusanya zile ncha pamoja kuwa vitone, sehemu ya katikati inayopenda mafuta, ninayoiita mkia, ikabaki nje kwenye zailini.

Flaski ya kwanza itie mililita 0.8 za nitrati ya kadimiamu, nguvu yake moli 0.05 kwa lita. Ya pili itie ujazo uleule wa salfaidi ya sodiamu, moli 0.04. Tumia maji yaliyokenekwa, na bomba la sindano la mililita moja kutoka duka la dawa; silinda ya kupimia haifai kwa ujazo mdogo hivi. Kwa kipimo hicho unapata takriban molekuli moja ya maji kwa kila kiungo kinachopenda maji. Ukiongeza maji zaidi, vitone vinanenepa, na chembe nazo. Koroga mpaka kila flaski iwe angavu kabisa. Ikibaki na ukungu, usiendelee.

Hapa ndipo wanafunzi wangu hunishangaa. "Mwalimu, si tudondoshe polepole?" Hapana. Mimina flaski moja ndani ya nyingine kwa mkupuo, sumaku ikizunguka kwa kasi. Mkulima anayetaka shamba la mahindi la kimo kimoja hapandi mstari leo na mwingine baada ya wiki. Ukidondosha, chembe za kwanza zinaendelea kunenepa wakati nyingine bado zinazaliwa.

Fikiria kinachotokea mle ndani. Kitone chenye upana wa nanomita 5, kwa nguvu ya chumvi niliyotaja, kinabeba ioni mbili hivi za kadimiamu. Chembe ya upana wa nanomita 3 inahitaji jozi zipatazo 280 za kadimiamu na salfa. Kwa hiyo kitone kimoja hakiwezi kujenga chembe peke yake. Vitone hugongana, huungana kidogo, hubadilishana mizigo, huachana, na chembe moja imekusanya mali ya vitone zaidi ya mia. Mikia ya polima ndiyo inayofanya biashara hiyo iende kwa utulivu. Mimi hulipenda jambo hili kuliko yote katika kazi yangu, na kila muhula nalichora upya ubaoni.

Umeme ukikatika wakati huo, sumaku inasimama na kundi zima linaharibika. Nilipoteza kundi moja hivyo: upande mmoja wa flaski njano, mwingine hauna rangi kabisa. Tangu hapo kifaa cha kukorogea nakiunganisha kwenye betri kabla ya kumimina.

Baada ya dakika chache utaona njano hafifu, kama ganda la limau lisiloiva sawasawa. Weka ukurasa wa gazeti nyuma ya flaski: herufi zisomeke safi. Ukiona rangi ya machungwa na mashapo chini, chembe zimeshikamana. Kisha tumia spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaomezwa, kwa mawimbi ya mwanga yenye urefu wa kuanzia nanomita 350 hadi 550, ukilinganisha na zailini yenye polima na maji bila chumvi. Salfaidi ya kadimiamu ya kawaida, yenye chembe kubwa, huanza kumeza mwanga karibu na 512; hapo ndipo ninapopaita ukingo. Ukingo ukisogea mpaka jirani na 400, chembe zako ziko karibu na nanomita 3. Ukingo uwe mwinuko. Ukiwa mteremko mrefu, ukubwa umechanganyika. Mimi huziacha humohumo ndani ya vitone, maana nje ya polima hushikana upesi.

Kundi hili lina miligramu 4 na nusu tu za kadimiamu, lakini usimwage hata tone kwenye sinki. Mfereji wa Nakivubo, unaopokea maji machafu ya Kampala, unaishia ghuba ileile ya Ziwa Viktoria ambayo mtambo wa maji wa Ggaba unatuchotea maji ya kunywa. Taka zote, pamoja na glavu, ziende kwenye mtungi wenye mfuniko ulioandikwa "KADIMIAMU". Asidi isiingie humo kamwe: ikikutana na salfaidi hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, inayoua.