Kuprinti miraba miwili bila mashine, ukiwa hapa Kisumu

Watu wakiona printi ya mraba ndani ya mraba wanasema ah, hii hata mtoto anaweza, sawa basi jaribu. Printi ya mitumbwi ya ufuo wa Dunga na ndege na mawimbi ukiteleza kidogo hakuna anayejua, lakini ya maumbo mawili haina pa kujificha, kona ikipinda milimita mbili jicho linaenda hapo hapo.

Anza na hesabu kabla ya kisu. Josef Albers, mchoraji Mjerumani aliyehamia Marekani 1933, alianza michoro yake ya mraba ndani ya mraba 1950 akaendelea nayo hadi alipofariki 1976, na ukiangalia vizuri mraba wa ndani haukai katikati, umeshuka: nafasi ya chini ikiwa 1, za kando ni 2, ya juu ni 3. Kwa hivyo mkubwa ukate sm 20, mdogo sm 16, chini ibaki sm 1, kando sm 2 kila upande, juu sm 3.

Tafuta kadibodi ngumu ya unene wa kama milimita 2, miraba utakayokata hapo ndiyo utakayopaka wino na kuprintia. Kata kwa rula ya chuma na bledi mpya, pitisha mkono mwepesi mara kadhaa, usikandamize, bledi ikilala ukingo unatoka na mteremko na wino utaonyesha. Paka vanishi pande zote hadi kwenye kingo, ikauke, rudia.

Wino usihangaike na wa maduka ya sanaa, nenda kwa watu wa matbaa uombe wakuuzie wino kidogo wa ofseti, manjano na ile bluu yao ya saiyani. Huo wino unapitisha mwanga, bluu ikikaa juu ya manjano unapata kijani ya bure. Lakini lazima manjano itangulie.

Sasa kwenye ubao chora mahali pa karatasi, ndani yake chora mraba mkubwa, halafu ule mdogo kwa vile vipimo. Gundisha vipande viwili vya kadibodi kwenye ubao, pale ulipochora kona mbili za chini za karatasi, hapo ndipo kila karatasi itaegemea, na hii kazi ya dakika chache ndiyo inaokoa printi yote, usiiruke.

Tandaza wino kwenye kioo kwa rola ya mpira mpaka uwe mwembamba, utasikia unalia taratibu kama selotepu ikibanduliwa, ukilia kwa fujo ni mwingi. Paka mraba mkubwa, uweke kwenye mchoro wake uso juu, shusha karatasi ukianzia zile kona, sugua mgongo wa karatasi na kijiko cha chuma, kingo kwanza ndio katikati. Chungulia upande mmoja bila kuinua karatasi yote, pakiwa na mabaka sugua tena.

Manjano ikauke ndio uweke bluu kwa mraba mdogo, vile vile, na hewa ya ziwa ina unyevu so inaweza kuchukua siku kadhaa, vumilia tu. Usiku zima taa au funga madirisha kabisa, wale wadudu wadogo wa ziwani wanafuata mwanga na mmoja akitua kwenye manjano mbichi hiyo karatasi ni ya kufunga maandazi.

Rola na kioo futa na mafuta ya kupikia na kitambaa kikuukuu, kisha sabuni.