Kununua nyumba ya kwanza Dar es Salaam: anza na majirani

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, nenda mtaani mara tatu: asubuhi, usiku, na siku ya mvua kubwa. Wakati wa masika tazama ukutani. Mstari wa tope uliokauka kwenye usawa wa goti unakuambia maji hufika wapi, hata kama rangi ni mpya.

Kisha zungumza na majirani wa pande zote nne. Waulize mpaka unapita wapi, nani alijenga, na kama kuna ndugu wanaodai urithi. Hapa ndipo wengi huumia: muuzaji ni mtoto mmoja wa marehemu, wenzake hawajui. Nyumba ya urithi iuzwe na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Nyumba ya wanandoa inahitaji ridhaa ya mwenza kwa maandishi.

Ikiwa kuna hati, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati uone jina la mmiliki na kama kuna rehani ya benki. Muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi wa mauziano tu, hauhamishi hati. Lipa kwa benki, kwa awamu, mkataba ukiandaliwa na wakili wako mwenyewe.

Ukishahamia, jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa na mjumbe. Msiba ukitokea, fika na rambirambi yako siku hiyohiyo.