Nyumba Chini ya Mont Ventoux: Kwenda Kuitazama Tour de France na Familia

Ukitaka kuwapeleka watoto na wazee kuiona Tour de France, mbio za baiskeli za kuizunguka Ufaransa, chagua mlima kwanza, kisha nyumba, tiketi za usafiri zije mwisho. Sisi mwaka 2025 tulianza na tiketi. Mbio zilipanda Mont Ventoux, kusini mwa Ufaransa, Jumanne ya Julai 22, nasi tulikuwa tumekodi nyumba nzuri umbali wa kama kilomita 30, tukijua asubuhi tutafika kwa gari. Polisi walitusimamisha mbali na kijiji cha Bédoin. Barabara ilikuwa imeshafungwa. Vijana wakashika njia kwa miguu. Mama mkwe akabaki kivulini na mjukuu, akazitazama kwenye simu mbio alizozifuata kutoka Birmingham.

Kwa nini mlima? Kwenye barabara tambarare kundi zima hupita kama upepo, na siku yako imekwisha. Mlimani wanatawanyika. Wanakuja wawili watatu, wengine peke yao, unawasikia wakihema, na tangu wa kwanza hadi wa mwisho huenda ikapita nusu saa au zaidi.

Ventoux ni kilomita 21 kutoka Bédoin hadi kileleni, zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari. Kilomita kama 6 za mwanzo ni mashamba ya mizabibu na mwinuko wa kistaarabu. Kwenye kona ya Saint-Estève barabara inaingia msituni na kusimama wima, mpaka Chalet Reynard, ambako miti inakwisha na kubaki mawe meupe na upepo. Mwaka 2016 upepo huo uliwalazimu waandaaji wamalizie mbio hapo Chalet Reynard. Siku hiyo mwendesha baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na Mkenya David Kinjah kule Kikuyu, aligongana na pikipiki katikati ya watazamaji waliofurika, baiskeli ikavunjika, akapanda mlima akikimbia kwa miguu na jezi ya njano, ya anayeongoza mbio, mwilini. Miaka mitatu kabla yake alikuwa ameshinda kileleni hapo hapo. Wasimulie watoto hayo mkiwa mmesimama kwenye barabara yenyewe. Waambie na habari za Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu, yaani mbio za siku tatu, mwaka 2024 na kuimaliza Tour na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi.

Njia ya mwaka unaofuata hutangazwa Oktoba. Ventoux haupandwi kila mwaka, kwa hiyo subiri tangazo, kisha kodi nyumba mapema, kabla wengine hawajaamka. Nyumba za mashambani, ambazo Wafaransa huziita gîte, mwezi Julai hukodishwa zaidi kwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi. Familia mbili tatu zikichanga, hesabu inabebeka kuliko hoteli, na mnapata jiko. Kwenye ramani tafuta nyumba ambayo mnaweza kutoka na kufika njia ya mbio kwa miguu, hata kama haina mandhari ya kupendeza. Muulize mwenye nyumba amana ni kiasi gani, mashuka yamo au mje nayo, na usafi wa kuondoka analipa nani. Kama kuna bwawa la kuogelea, sheria ya Ufaransa inataka liwe na kinga: uzio, kengele ya tahadhari au kifuniko. Omba picha yake.

Na nyama choma, tafadhali ulizeni kwanza. Kiangazi kule misitu hukauka na kuwaka upesi, na kuwasha moto karibu na msitu ni marufuku. Usinunue mkaa kabla ya kupata jibu. Mnaotoka Uingereza, msifungashe nyama wala maziwa, maana haviruhusiwi kuingizwa Umoja wa Ulaya. Unga wa sembe na viungo vya pilau bebeni bila wasiwasi.

Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani au Uholanzi haombi visa nyingine. Anayeishi Uingereza na pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji visa ya Schengen, ile ya kuingilia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15, lakini nafasi za miadi za kiangazi huisha haraka, basi usingoje Juni. Utadaiwa mkataba wa nyumba na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000; kodi nyumba ambayo pesa zinarudi ukinyimwa visa.

Siku yenyewe tokeni asubuhi na maji mengi, kofia na koti jepesi. Wazee na watoto wakae kabla ya Saint-Estève. Wenye miguu wapande hadi kivuli cha msitu. Kiasi cha saa mbili kabla ya waendesha baiskeli hupita msafara wa magari ya matangazo, yakirusha kofia na peremende. Hapo mshike mtoto mkono, asiifuate zawadi barabarani. Hatua nyingi huisha karibu saa kumi na moja jioni, na barabara haifunguliwi papo hapo. Pilau ipikwe usiku wa kuamkia, mkirudi mnapasha tu.