Somo: "Ute ulitoka" wakati wa opareshen ya jicho, maana yake nini na unazuilikaje

Habari zenu wapendwa, mimi ni nesi wa theata ya macho. Ndugu wengi wanafanyiwa opareshen ya mtoto wa jicho (lensi, yaani kioo cha ndani ya jicho, imeingia ukungu) wanaambiwa "ute ulitoka" wanarudi nyumbani hawajaelewa kitu, inaniuma sana, kwahiyo leo tuelewane.

1. Jua jicho lilivyo. Nyuma ya lensi kuna ute mzito kama mililita 4 hivi, karibu wote ni maji, na huko nyuma umeshikana na retina, ule utando wa ndani unaopokea picha. Lensi imekaa kwenye kifuko chembamba mno na ukuta wake wa nyuma ndio unaozuia ute usije mbele. Ukuta ukichanika kwenye upasuaji, au jicho likipigwa, ute unasukumwa na presha unatokeza kwenye mboni, na ukivutika huku mbele unaivuta na retina, ndo hapo inaweza kuchanika au kubanduka.

Kuna mzee alikuja anakohoa tangu usiku akaona aibu kusema, maana nauli ilishatumika. Katikati ya kazi akakohoa, mara moja tu. Mboni iliyokuwa duara ikavutika upande kama tone la maji, daktari akagusa kidonda na kisponji, akainua, ukaja uzi unaong'aa kama ute wa yai. Ule hauvutwi jamani, unakatwa palepale na mkasi mdogo alafu uliobaki mbele unasafishwa na mashine. Tulikaa muda mrefu mule ndani, namshukuru Mungu mzee anaona.

2. Kabla ya opareshen sema kila kitu: kikohozi, jicho lilishawahi kuumia, huwezi kulala chali, dawa unazotumia. Na usisubiri mpaka mboni iwe nyeupe pee, lensi inakuwa ngumu na nyuzi zinazoishikilia zinalegea.

3. Mezani usibane pumzi wala kukaza macho. Kikohozi kikija sema "nataka kukohoa", daktari atatoa vifaa kwanza.

4. Nyumbani vaa kinga ya jicho usiku, usifikiche, ndoo kichwani acha mpaka uruhusiwe.

5. Jicho likichomwa na kitu chenye ncha USILIKANDAMIZE, usilioshe, usichomoe kitu, usiweke dawa yoyote. Funika na kitako cha kikombe cha plastiki kisiguse jicho, kimbia hospitali na usile njiani maana huenda ukapewa nusukaputi.

MASWALI

– Shikamoo sista, baba anatumia tamsulosin ya tezi dume, aache wiki moja kabla?
Marahaba mwanangu. Asiache mwenyewe. Ile dawa inalegeza ile sehemu ya rangi ya jicho na hata akiacha hali inabaki, cha muhimu daktari ajue mapema ajipange.

– Dada ute ukitoka unaota tena?
Hauoti mpendwa, nafasi yake inajazwa na maji ya jicho na mtu anaona vizuri tu kama retina iko salama.

– Mi fundi wa grenda, miwani ya jua inatosha?
Haitoshi kaka angu, cheche inapita pembeni na kioo chenyewe kinapasuka. Nunua goggles za kazi zinazoziba pembeni, tafadhali, leo hii.

– Mama alitolewa ute mwezi uliopita, sasa anaona vimulimuli na kama pazia upande mmoja.
Usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke sasa hivi akaangaliwe retina.