Nyasi za uwanja wa mpira Tabora: kiangazi chenye mechi nyingi

Kuanzia Mei hadi Oktoba, Tabora haipati mvua ya maana. Ndiyo miezi ya ndondo, mashindano ya mpira ya mitaani: mavuno yako ghalani na vijana wana nafasi. Wasimamizi wengi wa viwanja hulilaumu jua. Mimi naona adui mkubwa ni miguu. Ukoka ukikosa maji hugeuka kahawia na kulala, kisha mvua za Novemba huuamsha, maana mashina yake hutambaa hata chini ya ardhi. Lakini udongo ukishindiliwa kwa kukanyagwa, mizizi hukosa hewa, na maji unayomwaga huteleza tu juu.

Kwa hiyo marufuku ya kwanza iwe mazoezi ya golini. Tengenezeni magoli mepesi ya kuhamishika, leo kona hii, kesho ile. Kwenye gofu nako shimo huhamishwa mara kwa mara ili nyasi zipumzike.

Palipogandamana, lowesha kwanza, subiri siku moja, kisha chomeka uma wa bustani sentimita 10 kwenda chini, utikise na kuuchomoa. Rudia eneo zima. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna mbolea inayoweza kuchukua nafasi yake. Penye udongo wa kichanga, jazia matundu mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Penye udongo wa mbuga, yaani mfinyanzi mweusi unaonata, weka mchanga mtupu.

Maji yakiwa haba, usiyatawanye uwanja mzima. Mbele ya goli, eneo la mita 10 kwa 5, lita 20 kwa kila mita ya mraba kwa wiki ni lita 1,000, yaani mapipa matano. Gawa mara mbili, mwagilia alfajiri. Kunyunyiza kidogo kila jioni hufanya mizizi ibaki juu juu, na majani yanayokesha na unyevu hupata ukungu.

Nyasi zibaki na urefu wa sentimita 3 hadi 4. Usipunguze zaidi ya theluthi kwa mkupuo mmoja. Urea weka pale tu unapomwagilia, la sivyo itaunguza. Masalia ya nyasi yaondoe, huvuta mchwa.

Vipara pandikiza vipande vya ukoka mvua zikishika. Hapo kamati iwe na msimamo: sehemu hiyo izungushiwe kamba, isichezewe mpaka ukoka ufunike ardhi yote, hata kama kuna fainali.