Namna ya Kuchagua Rimu Nyepesi za Gari la Spoti kwa Barabara za Uganda

Mwenye Subaru Impreza WRX, Toyota 86 au Altezza anayeishi Kampala, kabla hajauliza bei ya rimu, inafaa ajiulize kwanza gari lake hupita wapi kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Barabara ya kulipia ya Kampala–Entebbe ni laini na inamruhusu dereva kuufurahia usukani, lakini ili aifikie hulazimika kwanza kuvuka matuta, viraka na yale mashimo ambayo wakazi wa jiji walijaza picha zake mitandaoni mwezi Aprili 2023. Rimu nyingi nyepesi zinazosifiwa zimebuniwa kwa ajili ya lami ya Japani na viwanja vya mashindano. Baadhi yake hustahimili huku kwetu kwa miaka mingi, na nyingine hupinda katika msimu wa kwanza wa mvua, wakati shimo limejaa maji na dereva hawezi kujua kina chake. Kwa sababu hiyo, katika mwongozo huu wepesi utapimwa pamoja na uimara kila mara.

Faida ya wepesi yenyewe ni ya kweli. Uzito mwingi wa gari hukaa juu ya springi, lakini rimu, tairi, breki na habu (kitovu ambacho rimu hufungwa) hukaa chini yake na hufuata kila kipande cha barabara. Kadiri sehemu hiyo ya chini inavyokuwa nzito, ndivyo shokomzoba inavyopata kazi kubwa ya kuirudisha chini baada ya kuruka tuta, na tairi lililo hewani halishiki barabara. Zaidi ya hapo, gurudumu husogezwa mbele na kuzungushwa kwa wakati mmoja. Kilo moja iliyoko kwenye ngozi ya nje ya tairi, pale panapogusa barabara, huhesabika karibu kama kilo mbili gari linapoongeza kasi au kufunga breki. Kilo hiyohiyo ikiwa kwenye mdomo wa rimu ya inchi 17 huhesabika kama kilo moja na nusu hivi, na ikiwa karibu na habu huhesabika kama kilo moja na ushei tu. Hesabu hii ina funzo ambalo wauzaji wa rimu hawalitaji: tairi zito linaweza kufuta wepesi wote ulioulipia kwenye rimu, kwa hiyo uliza uzito wa vyote viwili. Pia usitarajie miujiza ya mwendo, kwani kupunguza kilo mbili kwa kila gurudumu katika gari la kilo 1,250 hakutakufanya uwaache wenzako kwenye Northern Bypass. Utakachokisikia ni usukani unaoitika haraka zaidi na gari lisilorukaruka sana kwenye lami yenye mawimbi.

Kipenyo kwanza

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote ni kununua rimu nyepesi yenye kipenyo kikubwa zaidi ya ile ya kiwandani. Rimu ikikua, chuma husogea mbali na habu, na ukuta wa tairi hupungua ili gurudumu zima lisizidi kimo chake. Tuchukue Toyota 86 ambayo kwa kawaida huja na tairi la 215/45R17, yaani upana wa milimita 215, ukuta wa asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Ukuta wa tairi hilo una takribani milimita 97, na kipenyo cha gurudumu zima ni milimita 625. Ukipanda hadi inchi 18 kwa tairi la 215/40R18, ukuta hushuka hadi milimita 86. Ukishuka hadi inchi 16 kwa tairi la 205/55R16, ukuta hufikia milimita 113 hivi, huku kipenyo cha gurudumu kikiongezeka kwa asilimia moja tu, kiasi ambacho kipima mwendo hakitadanganya kwa namna ya kukusumbua. Ukubwa huo wa inchi 16 si uzushi wangu, kwa maana Toyota wenyewe waliuza nchini Japani toleo la G la gari hilo likiwa na matairi ya 205/55R16, na tairi la ukubwa huo ni la kawaida kwa magari mengi madogo, jambo ambalo hurahisisha kulipata tairi likipasuka safarini.

Wanamichezo wa magari wameuelewa mpango huu zamani. Gari la rali la daraja la Rally2 hufungwa rimu za inchi 15 kwenye mashindano ya changarawe na za inchi 18 kwenye yale ya lami. Yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara ya vumbi akitazama mashindano ya Pearl of Africa ameona matairi yenye kuta nene yakipiga mawe na kuendelea mbele. Gari lako la kwenda kazini halihitaji kufika huko, ila ukuta mnene wa tairi ndio bima ya kwanza ya rimu nyepesi.

Kikomo cha kushuka huwekwa na breki. Subaru WRX STI yenye kalipa (vibanio vya breki) za Brembo kwa kawaida haishuki chini ya inchi 17, na hata kwenye inchi 17 si kila umbo la rimu linaloipisha kalipa, kwa sababu spoki zinaweza kugusa ingawa duara lenyewe lina nafasi. Dawa yake ni kuijaribu rimu tupu kwenye habu ya mbele kabla tairi halijafungwa, kisha kuizungusha kwa mkono na kuhakikisha kwamba kuna nafasi ya milimita tatu au zaidi pande zote.

Jinsi rimu ilivyotengenezwa

Rimu za bei nafuu husubiwa, yaani aloi ya alumini iliyoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu na kuachwa ipoe. Ili zifikie nguvu inayotakiwa, chuma chake hulazimika kuwa kinene, na hapo ndipo uzito unapotoka. Rimu iliyosubiwa ambayo ni nyepesi sana na ya bei ya chini sana inapaswa kukutia wasiwasi, kwa sababu imepunguziwa chuma bila kuongezewa nguvu, na ikipiga shimo huelekea kupasuka badala ya kupinda. Njia ya kati huanza kwa kusubu, kisha duara ambalo tairi hukalia hupashwa joto na kusukumwa kwa rola huku rimu ikizunguka, hadi chuma kinyooke na kubana. Duara huwa jembamba na gumu zaidi, na uzito hupungua hasa kule nje ambako kila gramu huhesabika zaidi. Kwa mtu anayelitumia gari lake kila siku na kwenda uwanjani Garuga au Busiika mara chache kwa mwaka, mimi ningemwelekeza huku bila kusita.

Njia ya juu kabisa ni ya kufua. Mhunzi wa zamani alijua kwamba chuma kilichopigwa ni imara kuliko kilichomiminwa, na mashine za leo hufanya kazi ileile kwa kukandamiza pande la alumini kwa nguvu kubwa sana. Rimu iliyofuliwa inaweza kuwa nyembamba pasipo kuwa dhaifu, na ikizidiwa mara nyingi hupinda kabla ya kupasuka, hivyo dereva hupata muda wa kusimama. Mfano unaojulikana zaidi ni TE37 ya kampuni ya Rays ya Japani, iliyotolewa mwaka 1996, ambayo tarakimu za jina lake zilitokana na uzito wa kilo 3.7 wa rimu yake ya inchi 15. Umaarufu huohuo ndio umeifanya iigwe kuliko nyingine, na nitalirudia jambo hilo. Rimu za magnesi ni nyepesi hata zaidi, ila huliwa na kutu ya aina yake pindi rangi inapochubuka, na katika nchi yenye mvua na kokoto sioni sababu ya mtu binafsi kuzinunua.

Nyuma ya spoki au ndani ya duara tafuta alama zilizochongwa. JWL ni kiwango cha Japani cha rimu za magari ya abiria, ambacho mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, ilhali VIA huonyesha kwamba rimu imepimwa na chombo kingine nje ya kiwanda. Karibu na alama hizo kuna uzito ambao rimu moja inaweza kubeba, kwa mfano kilo 690. Gawanya kwa mbili uzito unaokaa kwenye ekseli nzito ya gari lako likiwa limejaa, na uhakikishe kwamba rimu inazidi jibu hilo kwa kiasi cha kutosha. Ekseli ya kilo 900 inadai angalau kilo 450 kwa kila rimu, na kwa barabara zetu nisingekubali kukaribia kikomo.

Tarakimu za kulingana

PCD ni kipenyo cha mduara unaopita katikati ya matundu ya nati, na huandikwa pamoja na idadi ya nati: 5x100 ni nati tano kwenye mduara wa milimita 100. Kwenye Subaru jambo hili limewagharimu wengi: STI ya toleo la 2005 na baada yake hutumia 5x114.3, wakati WRX ya kawaida ya miaka hiyo iliendelea na 5x100. Mitsubishi Lancer Evolution na Altezza hutumia 5x114.3, na Mazda MX-5 za vizazi viwili vya mwanzo hutumia 4x100. Usikubali fundi anayesema atatanua matundu.

Tundu la katikati ni milimita 56.1 kwa Subaru na Toyota 86, 60.1 kwa Altezza, na 67.1 kwa Lancer Evolution. Rimu nyingi za kununua pembeni, zisizo za kiwandani, hutobolewa tundu kubwa ili zifae magari mengi, kwa hiyo nunua pete za kuziba nafasi hiyo. Bila pete, gari linaweza kutetemeka ukifika mwendo wa kilomita 90 kwa saa, nawe ukalaumu balansi bure.

Upana na ofseti (umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu) vinahitaji kalamu na karatasi. Rimu ya kiwandani ya 86 ni inchi 17 kwa upana wa 7, ofseti milimita 48. Tuseme umepewa rimu yenye upana wa 8 na ofseti 40. Nusu ya inchi iliyoongezeka ni milimita 12.7 kila upande, na ofseti imepungua kwa milimita 8, kwa hiyo mdomo wa nje utatoka kwa milimita 20.7 na wa ndani utaisogelea shokomzoba kwa milimita 4.7. Ukishazijua namba hizo mbili, weka rula kwenye gari lako huku likiwa limebeba abiria wanne, maana fenda inayopisha tairi gari likiwa tupu inaweza kulikwangua likiwa limejaa watu wa kwenda arusini.

Kuhusu nati, Subaru na Nissan hutumia nyuzi za M12x1.25 (kipenyo cha milimita 12, na milimita 1.25 kati ya uzi na uzi), na Toyota nyingi na Honda hutumia M12x1.5, ila Toyota 86 hutumia M12x1.25 kama Subaru. Rimu nyingi za kununua pembeni zinataka nati yenye kichwa cha koni cha digrii 60, ilhali nati asilia za Honda zina kichwa cha mviringo na baadhi ya zile za Toyota ni bapa. Nati isiyolingana hukaza vizuri leo na kulegea kesho.

Sokoni

Anayekwenda soko la vipuri la Kisekka jijini Kampala, au kupokea rimu zilizotumika kutoka Japani, achukue mizani ya kuning'iniza kama ile ya kupimia kahawa. Mimi niliwahi kuuziwa na mtu wa mtandaoni seti aliyoapa kwamba imefuliwa, na nilipofika nyumbani kila rimu ilikuwa na karibu kilo kumi, tena jina la kampuni lilikuwa limebandikwa kwa stika mahali ambapo lingepaswa kuchongwa. Rimu halisi ina uzito unaojulikana kwa kila ukubwa, na mtengenezaji huutangaza. Tofauti ya gramu mia mbili si neno, lakini tofauti ya kilo mbili ni jibu tosha.

Baada ya mizani, omba rimu ipandishwe kwenye mashine ya balansi na izungushwe bila tairi, huku ukitazama mdomo wa ndani, kwa kuwa ndio unaopinda kwanza na ndio usioonekana rimu ikiwa imelazwa chini. Pitisha ukucha kwenye shina la kila spoki kutafuta ufa. Rangi mpya inayong'aa kwenye rimu ya zamani ni sababu ya kutazama mara mbili, si ya kuongeza bei. Rimu iliyochomelewa iache hapohapo: alumini ya rimu hupewa nguvu kwa joto lililopimwa kiwandani, na moto wa kuchomelea huiondoa nguvu hiyo kuzunguka kovu. Mafundi wetu ni hodari wa kunyoosha, lakini kunyoosha kwa moto huleta udhaifu uleule.

Siku ya kufunga, mwombe fundi aiweke kando bunduki ya upepo na kukazia kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa mpangilio wa nyota. Magari mengi kati ya niliyoyataja hudai takribani nyutoni-mita 100 hadi 120, na kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Pima upepo wa matairi kila wiki asubuhi kabla ya kuondoka, kwa sababu tairi lililopungua upepo hukunjika kwenye shimo na kuiacha rimu ipokee pigo lote.

Kama muuzaji ana rimu ya tano ya aina hiyohiyo, inunue siku hiyo hiyo hata kama itakuchelewesha kununua matairi mapya. Kutafuta moja inayofanana baadaye kwa kawaida humaanisha kuagiza Japani na kusubiri meli ifike Mombasa, na gari limeegeshwa juu ya jeki.