Maji Yakijaa Saa Moja Asubuhi: Kupanga Matembezi ya Ndege Tanga

Ukitaka kuwatoa watu kwenda kutazama ndege wa pwani hapa Tanga, kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na moja, usianze na darubini wala usafiri. Anza na maji. Kikundi kinaweza kuwa na vifaa vya kila aina, kikafika ufukweni saa nne asubuhi siku ya bamvua, yaani ya maji makubwa, kikakuta bahari imekwenda zake huko na ndege wamebaki nukta nyeusi kwenye tope. Watu watasimama juani, watapokezana darubini kwa adabu, na mwezi unaofuata hutawaona tena.

Mimi ndiye mshika daftari wa kikundi chetu kidogo. Msimu ukikaribia naweka kalenda mbili mezani, ya kawaida na ya Kiislamu, kwa sababu maji yanafuata mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua, na kwetu siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, yakapwa kwenye saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kidogo, dakika arobaini mpaka hamsini. Piga hesabu: siku tatu nne baada ya bamvua, maji yanajaa kwenye saa moja asubuhi, na bado ni maji makubwa yenye nguvu ya kuwasukuma ndege. Kwa kalenda ya Kiislamu ni kama tarehe 4 na 5, kisha tena 18 na 19. Jumamosi ikiangukia hapo, iwekee alama nyekundu. Ijumaa watu wana sala, Jumapili wengine wana kanisa, kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku yetu sote.

Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, msitoke. Maji hayapandi vya kutosha, ndege wanabaki wametawanyika mbali wakila, na mtakachofaidi ni upepo tu. Jedwali la maji unalipata kwenye simu siku hizi, lakini mimi bado nampigia mvuvi mmoja wa Sahare usiku wa kuamkia safari. Simu haikuambii kwamba upepo wa jana umerundika mawimbi.

Sababu ya kuhangaikia yote haya ni kwamba ndege hawa wanakula tope likiwa wazi. Maji yakiingia wanasogea mbele yake, hatua kwa hatua, mpaka wanabanwa kwenye fungu la mwisho la mchanga au kwenye mabwawa ya chumvi nyuma ya mikoko. Hapo wanakusanyika kungoja maji yatoke. Basi fikeni saa moja na nusu kabla ya kujaa, mketi, mnyamaze. Ndege watawafuata mlipo. Kikundi kinachowafuata ndege kinaishia kuwatazama migongo.

Halafu kuna jua, na hili hata watu wazoefu hulisahau. Bahari yetu iko mashariki. Asubuhi ukitazama baharini jua linakupiga usoni, na kila ndege anakuwa kivuli cheusi kisicho na rangi. Kwa hiyo maji ya asubuhi ni ya mashamba ya chumvi: zunguka upande wa baharini, simama ukitazama bara, jua likiwa mgongoni. Maji ya alasiri, yaani Jumamosi ya bamvua yenyewe, ni ya ufukweni. Mnafika saa nane na nusu, maji yanajaa saa kumi, jua limeshageuka upande wa bara, na ndege wanaonekana rangi zao mpaka pete ya jicho. Upande wa kusini, kuanzia Mwambani mpaka Tongoni, ndiko ninakopendelea alasiri. Tongoni ni kama kilomita 17 kutoka mjini kwa barabara ya Pangani, na wale wasiojali ndege, maana kila kikundi kina mume au dada aliyeburutwa, watakwenda kutazama magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Wape nauli ya kurudi kabisa, wasiwasumbue.

Kuhusu mwezi gani, ushauri wangu ni wa kumi. Wengi wa ndege hawa wamezaliana Siberia na kaskazini ya mbali ya Ulaya, na safari yao inaanza kule siku zinapoanza kufupika, kabla baridi haijaingia. Wazazi hutangulia. Tangu mwezi wa nane utawaona baadhi wakiwa na mabaki ya wekundu tumboni, manyoya ya harusi yanayopukutika. Makinda hufuata baadaye, mwezi wa tisa na wa kumi, na kinda unamjua kwa usafi wake: kila unyoya wa mgongoni una ukingo mweupe, kama magamba ya samaki. Ukienda mwezi wa kumi unawapata wote wawili bega kwa bega. Tena ni wakati wa maleleji, kusi imechoka na kaskazi haijashika, kwa hiyo darubini haitikisiki. Mvua za vuli zinaweza kuanza, lakini hazijaharibu njia za chumvini. Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani, na watu hupenda kutoka siku hiyo. Sawa, maji yakikubali. Yasipokubali, sisi tunaiadhimisha wiki nyingine.

Watu wasizidi kumi kwa kiongozi mmoja. Wakiwa ishirini wa mbele anaona, wa nyuma anaongea. Darubini za mikono zikiwa nne au tano zinatosha, wakipokezana. Anayenunua, amwambie muuzaji anataka 8x42. Nane ni ukuzaji, arobaini na mbili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Vijana wanakimbilia kumi na mbili au ishirini, kisha mkono unatetemeka hawaoni kitu. Kikundi kikipata darubini moja kubwa ya miguu mitatu, hiyo ndiyo mali. Isimamishe kwa kimo cha mtoto, mtu mzima atainama. Anayetazama asishike, akiigusa tu ndege anatoka kwenye kioo na foleni nzima inaanza upya.

Nguo: rangi za udongo, majani, bluu iliyopauka. Dera la kung'aa ni zuri sana, liacheni kwa shughuli ya jioni. Viatu ni yeboyebo zenye mkanda wa nyuma au raba za zamani. Kobazi zitabaki topeni, na peku peku msithubutu karibu na mikoko, chaza walioshika kwenye mizizi wanakata mguu kama wembe. Kofia, maji ya kunywa lita moja na nusu kila mtu, maandazi, mihogo ya kuchemsha. Chupa ya chai aibebe mmoja anayeaminika.

Kabla hamjaingia chumvini, ombeni ruhusa kwa msimamizi, siku moja kabla, si mlangoni. Ni shamba la mtu. Matuta mapya ni laini, na ukiyalainisha zaidi kwa miguu kumi, maji ya chumvi ya wiki nzima yanatoroka. Mjulisheni pia mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Na darubini wala kamera isielekezwe bandarini, kwenye matangi ya mafuta, wala upande wa Chongoleani kwenye shughuli za bomba la mafuta. Ukimweleza askari kwamba ulikuwa unamtazama kitwitwi, atataka kwanza umwoneshe huyo kitwitwi, na kitwitwi atakuwa ameshaondoka.

Sasa ndege wenyewe. Mgeni msimpe ndege thelathini siku ya kwanza. Mpeni watano, awashike.

Sululu huanza, kwa sababu anajitangaza: mkubwa, kahawia, mdomo mrefu uliopinda chini, na filimbi ya haraka inayorudiwa kama mara saba. Yule mwenye mistari kichwani ndiye wa kawaida kwetu. Kisha kitwitwi mdogo mwenye mdomo uliopinda chini kidogo, anayekula kichwa chini kama cherehani, kundi zima pamoja. Wa tatu ni yule ambaye mdomo wake umebinuka juu, miguu ya rangi ya chungwa, mfupi. Huyu hatulii. Anakimbiza kaa wadogo huku na huku kama amepoteza funguo, na watoto wanampenda kuliko wote. Wa nne ni yangeyange wa ufukweni, na hapo mtaleta ubishi, kwa sababu pwani yetu jamaa hao wako weupe na wako wa kijivucheusi, na ni ndege wale wale. Waacheni wabishane kidogo, ndiyo namna ya kujifunza.

Wa tano ndiye ninayemtolea watu nyumbani. Sisi tunamwita mla-kaa, kitaalamu *Dromas ardeola*. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene usiolingana na mwili mwembamba ule, kama amekopa. Anazaliana kwenye fukwe za Bahari ya Arabuni na Ghuba ya Uajemi, Somalia pia, na anataga kwenye shimo alilochimba mchangani, yai moja jeupe. Wakimaliza kuzaliana wanashuka kwetu, na cha ajabu wanashuka na mtoto ambaye bado hajajitegemea. Mtafuteni yule aliyefifia, kijivu palipotakiwa kuwa cheusi. Anamfuata mzazi nyuma nyuma, ameinamisha kichwa, analia filimbi nyembamba isiyokoma. Mzazi anasimama, anapiga hatua tatu za kunyata, anachomoka mbio, anamkamata kaa. Anamng'oa miguu. Mtoto, mkubwa sawasawa na mzazi, anafungua mdomo. Safari nyingine mzazi anammeza kaa mwenyewe huku mtoto akitazama, na hapo ndipo akina mama wa kikundi chetu huangua kicheko.

Mkiwa mmekaa, angalieni juu pia. Mwezi wa kumi keremkerem wa Ulaya wanapita makundi makundi, unawasikia kabla ya kuwaona. Kunguru wa Bara Hindi mtamwona mpende msipende. Aliletwa Unguja miaka ya 1890, akavuka, na akipita fukweni anawatimua wengine. Tunamhesabu naye, kwa shingo upande.

Kuhesabu kundi kubwa hakutaki kipaji. Hesabu kumi, moja moja. Ona hao kumi wamechukua nafasi kiasi gani, kisha pitisha nafasi hiyo hiyo juu ya kundi zima: kumi, ishirini, thelathini. Wakiwa wengi mno anza na mia. Watu wawili wahesabu kila mmoja kivyake bila kusemezana, waandike, ndipo walinganishe. Zikitofautiana sana rudieni, msigawanye katikati kama mnagawana nauli. Andikeni tarehe, saa, hali ya maji, na mahali. Sisi orodha tunaipeleka eBird, daftari la ndege la mtandaoni, na pia kuna Tanzania Bird Atlas inayokusanya kumbukumbu za ndege nchi nzima kwa miaka mingi. Mkiona ndege mwenye pete au kibendera cha rangi mguuni, acheni kila kitu. Andikeni mguu upi (wa kulia ni wake, si wako), juu ya goti au chini, rangi kwa mpangilio kutoka juu, na herufi kama zinasomeka.

Katika jambo la umbali mimi ni mkali, na wanaonijua wanajua. Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa wote, mmekaribia mno; rudini nyuma hatua ishirini, taratibu, bila kugeuka ghafla. Kiumbe aliyetoka Siberia anahitaji mafuta, na kila mnapomrusha anayachoma. Mpiga picha anayelikimbilia kundi ili lipae apate picha nzuri, kwenye kikundi changu anapiga mara moja tu. Kuwaita ndege kwa sauti za simu nako hatufanyi.

Mkishazoea pwani, mwezi wa kumi na moja pandeni Amani, kupitia Muheza. Ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, kuna kiingilio getini, na huko hamna habari ya maji. Mambo yanageuka: kikundi kiwe watu sita, mtoke alfajiri, na mkikuta mti mmoja unatikisika ndege wa aina nyingi kwa pamoja, simameni hapo hapo. Kundi mchanganyiko linapita kwa dakika chache, ukilifuata unalipoteza. Mwingereza Reginald Moreau alifanya kazi Amani kuanzia 1928 mpaka 1946, akawa mmoja wa wajuzi wakubwa wa ndege wahamao duniani. Kuna ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu aliyepewa jina lake, *Artisornis moreaui*, asiyepatikana ila Usambara Mashariki na milima ya Njesi, Msumbiji. Anajificha kwenye mitambaazi kwenye ukingo wa msitu, kwa hiyo msitazame tu juu.

Bebeni sweta. Watu wa Tanga mjini hawaamini mpaka wafike.